Amesema hapendi tena, mbona bado anatafuna?

Maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu mirungi, kokeini na nguvu ya mazoea

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Masasi. Baba watoto ni dereva wa lori. Msimu wa korosho hubeba mzigo kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda Mtwara mjini, na msimu ukiisha hupata safari za saruji na ufuta. Amekuwa akila mirungi kwa miaka mingi, mwanzoni kwa ajili ya kushinda usingizi, baadaye hata katika safari ambazo hazina haraka yoyote.

Mwaka huu gari la tajiri wake liliua injini, akakaa nyumbani tangu masika hadi lilipotengemaa. Muda wote huo hakugusa gomba, yaani hiyo mirungi. Alilala, alikula, alinenepa, na mbele ya shemeji yangu na baba yangu mdogo aliapa kwamba amemalizana nalo. Nilimwamini kwa sababu hakuonekana kama mtu anayejizuia, alionekana kama mtu aliyesahau. Safari ya kwanza tu mambo yakaharibika. Utingo wake ni mtoto wa dada yangu, naye ananiambia kwamba walipokaribia Mnazi Mmoja ya Lindi, pale ambapo huwa wanasimama kunywa chai usiku, mume wangu alinyamaza, akapunguza mwendo, akaegesha, akashuka na kwenda moja kwa moja kwa kijana anayemuuzia. Hakusema neno. Akarudi na fungu lake, soda na karanga, akawasha gari, na walipofika Mikindani shavu lilikuwa limeshajaa.

Nilipomuuliza, alilia, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Akasema, "Mama, mimi wala siipendi tena. Mdomo unaniuma, moyo unakwenda mbio, asubuhi namchukia kila mtu. Sijui hata nimeinunuaje." Ndugu zake wanasema huo ni uongo wa mlevi, na wanataka nimwambie mbele ya wazee kwamba akirudia, narudi kwetu. Wengine wanasema ni mkono wa mtu. Je, mtu anaweza kufanya jambo asilolipenda? Na nimtishie, au nimwache?
Mama Watatu, Masasi

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile ambalo ndugu wa mumeo hawalikubali: inawezekana kabisa kwamba anasema kweli. Kutokuipenda mirungi na kuendelea kuitafuna ni mambo mawili yanayoweza kukaa ndani ya mtu mmoja, tena usiku uleule, na kwa zaidi ya miaka arobaini wanasaikolojia wamekuwa wakichunguza jinsi hilo linavyotokea.

Matendo yetu huongozwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kukusudia: nafanya hili kwa sababu nataka lile, na siku nitakapoacha kulitaka lile, nitaacha na kufanya hili. Ya pili ni ya mazoea: ishara fulani ikijitokeza, tendo linafuata, liwe bado lina faida au halina. Mwulize mumeo ni lini mara ya mwisho aliamua kukanyaga klachi. Mguu wake wa kushoto hukanyaga wenyewe mara sauti ya injini inapobadilika, na ukimpa gari lisilo na klachi, mguu huohuo utaitafuta pedali isiyokuwepo. Hakuna anayemwita mwongo kwa hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Christopher Adams na Anthony Dickinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwafundisha panya kubonyeza kibao kidogo ili wapate vidonge vya sukari, kisha wakaifanya sukari hiyo iwaletee kichefuchefu hadi wakaikataa. Panya waliokuwa wamefundishwa kwa muda mfupi waliacha kubonyeza, kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Lakini ilipoonekana kwamba panya waliofundishwa kwa muda mrefu huendelea kubonyeza kibao hata kwa ajili ya chakula wasichokitaka tena, wataalamu walipata kipimo cha mazoea ambacho hutumika mpaka leo: punguza thamani ya malipo, kisha utazame kama tendo linapungua. Malalamiko ya mumeo, yaani mdomo kuuma, moyo kwenda mbio na asubuhi kuwa chungu, ni thamani iliyokwisha kupungua, na mkono bado unakwenda mfukoni kutafuta hela.

Vichangamshi, yaani dawa za kuamsha mwili kama mirungi na kokeini, vina uwezo wa pekee wa kufundisha mazoea kwa sababu hufanya kazi mahali penyewe ambapo mazoea hujengwa. Kokeini huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayobeba ujumbe kati ya seli za neva, isirudishwe ndani ya seli hizo. Amfetamini huisukuma itoke kwa wingi. Na kathinoni, ambayo ndiyo nguvu ya mirungi na ambayo ilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, hufanya kazi kwa namna inayofanana na amfetamini ingawa ni dhaifu zaidi. Watu wengi huijua dopamini kwa jina la kemikali ya raha. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni kuuambia ubongo kwamba kilichotokea sasa hivi ni muhimu, na kwamba mahali, harufu, saa na watu waliokuwepo wakumbukwe. Mwaka 2005, Barry Everitt na Trevor Robbins, nao wa Cambridge, walieleza jinsi matumizi yanavyohama polepole kutoka sehemu ya chini ya eneo la ubongo liitwalo striatamu, inayohusika na kutafuta malipo, kwenda sehemu yake ya juu inayohusika na mazoea. Mtu huanza kwa kutaka na huishia kwa kuitikia.

Mwenzao Karen Ersche alilipima jambo hili kwa binadamu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu 72 wenye uraibu wa kokeini walilinganishwa na watu 53 wasio na uraibu. Walijifunza kuitikia picha ili wapate pointi, kisha baadhi ya picha zikaacha kulipa. Wenye uraibu waliendelea kuziitikia picha zisizolipa zaidi kuliko wenzao. Sehemu ya pili ndiyo inayokuhusu wewe, mama, kwa sababu walitakiwa kujifunza kukwepa mshtuko mdogo wa umeme kwenye kifundo cha mkono, na hapo wenye uraibu walikuwa wazito wa kujifunza na hawakujitahidi sana kuukwepa. Maumivu yanayokuja hayakuwasukuma kama yalivyowasukuma wengine. Sasa fikiria kikao cha wazee kinachomwahidi mtu wa namna hiyo maumivu ya mwezi ujao.

Hii pia ndiyo sababu alionekana amesahau alipokuwa nyumbani. Ishara hazikuwepo: hapakuwa na usukani, usiku wa barabarani, taa za vibanda vya Mnazi Mmoja, wala ule uzito wa macho unaoanza baada ya kupita Nyangao na Mtama. Mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971, ambao baadhi yao walikuwa wamezoea heroini huko vitani, na miongoni mwa waliokuwa waraibu kule, asilimia 12 tu ndio walioingia tena katika uraibu ndani ya miaka mitatu. Heroini si kichangamshi, na wanajeshi wale walikuwa na sababu nyingi za kubadilika, lakini jambo moja haliwezi kupuuzwa: waliyaacha mazingira yote nyuma yao. Mumeo hakuyaacha. Aliyapumzisha tu, kisha akarudishwa katikati yake usiku wa kwanza, akiwa peke yake na kiapo chake.

Wanaosema ni mkono wa mtu sitagombana nao. Shehe akimwombea dua na moyo wake ukatulia, ni jambo jema. Ila nitaomba dua hiyo isichukue nafasi ya kazi iliyopo barabarani.

Kabla ya kufika huko, kuna upande wa pili ambao si wa haki kuuficha. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba mazoea yanaeleza kila kitu. Lee Hogarth wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, aliandika mwaka 2020 kwamba watu wengi wenye uraibu hutumia kwa kukusudia kabisa, hasa wanapokuwa na huzuni, hofu au msongo, kwa sababu wanatarajia nafuu. Kuna ukweli mwingi hapo. Mtu anayempigia simu muuzaji akiwa bado Ndanda, anayekopa kwa utingo na kuficha fungu chini ya kiti, hajaongozwa na ishara peke yake, amepanga. Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili hukutana ndani ya mtu yuleyule kwa nyakati tofauti, na kazi yako ni kujua ni ipi inayomkamata wapi. Simulizi la mtoto wa dada yako kuhusu Mnazi Mmoja, la mtu aliyenyamaza na kwenda moja kwa moja, ni la mazoea. Lakini ukisikia kwamba hununua zaidi baada ya kugombana na tajiri, au siku anazodaiwa ada ya shule, hapo unatazama jambo lingine.

Kwa hiyo usianze na vitisho. Una haki kamili ya kulinda fedha za chakula na usalama wa watoto, na kama siku moja utaona kwamba kuondoka ndiyo njia ya kuwalinda, hilo ni uamuzi wako na hakuna mwenye haki ya kukulaumu. Ila usiuite tiba. Kitisho huongea na ule upande wa mumeo unaokusudia, ambao tayari unakubaliana nawe, na wakati huohuo humwongezea msongo ambao ni sababu nyingine ya kutumia.

Kwanza ajue ramani yake. Safari moja, yeye na utingo wake wakumbuke bila kulaumiana: alitamani wapi, saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa anahisi nini dakika chache kabla. Wakirudi, kaeni pamoja mzungumze. Mara nyingi vituo vyenye hatari ni vichache kuliko mtu anavyodhani. Inaweza kuwa Mnazi Mmoja, kisha foleni ya malori nje ya ghala Mtwara, ambako mtu hukaa usiku mzima bila kazi, na labda hakuna kwingine.

Kila kituo kinahitaji mpango wake, uliotamkwa kwa maneno kamili. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba nia ya jumla, kama "safari hii sitakula", hufanya kazi kidogo kuliko sentensi inayofunga ishara kwa tendo: "Tukifika njia panda ya Mnazi Mmoja, sisimami, tunanyoosha hadi kituo kingine, na chai ipo kwenye chupa." Na kama ni lazima kusimama kwa ajili ya mizani au tairi, "utingo anashuka, mimi nabaki kwenye usukani na kukupigia wewe simu". Sentensi ya namna hii huigeuza ishara ileile iliyokuwa ikimwita kwenye mirungi kuwa ishara ya jambo jingine. Itamkwe mbele ya utingo, kwa sababu ndiye atakayekuwepo. Namba ya muuzaji ifutwe kwenye simu, na hela za njiani ashike kijana.

Usingizi nao usipuuzwe. Mirungi haiondoi haja ya kulala, huificha tu, na nguvu yake inapokwisha usingizi hurudi na deni lake lote, dereva akiwa bado kwenye usukani. Kuondoka alfajiri badala ya saa nne usiku kungemwondolea sababu ya kwanza kabisa iliyomfanya aanze. Hapo inabidi tajiri ahusishwe, na najua si rahisi. Naona, na wenye magari wanisamehe, kwamba gomba jingi linaloliwa katika barabara zetu wakati wa korosho huliwa kwa ajili ya haraka ya mtu ambaye mwenyewe amelala kwake.

Siku za kwanza baada ya kuacha atalala sana, ataota ndoto nzito, atakuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kila kitu kingine. Siku hizo asiendeshe. Kwa kawaida hali hiyo hupungua yenyewe. Moyo kwenda mbio, hata hivyo, uchunguzwe hospitali, kwa sababu mirungi hupandisha shinikizo la damu na kuubana moyo. Hospitali ya Mkomaindo iko karibu nawe, na wakiona haja watawapa rufaa ya kwenda Hospitali ya Ligula, Mtwara. Amweleze daktari wazi anachotumia. Ni kweli kwamba nchini mwetu mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, tofauti na Kenya ambako ni zao la biashara, na watu wengi hunyamaza mbele ya daktari kwa hofu hiyo, kisha wanatibiwa ugonjwa mwingine kabisa.

Utaambiwa pia kwamba siku 21 zinatosha kubadili mazoea. Achana na hesabu hiyo. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea madogo, kama kunywa maji baada ya chakula, waliona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilianzia siku 18 hadi 254. Huko ni kujenga zoea jipya la maji, sembuse kuliacha zoea la miaka lililofundishwa na dawa. Akirudia safari ya tatu au ya kumi, usimuulize kwa nini amekudanganya. Muulize ilikuwa wapi, na mpango ulivunjikia wapi, kisha mrekebishe sentensi.

SWALI: Mshauri, mimi ni kijana wa miaka 23, bodaboda hapa Lindi mjini. Kaka yangu wa tumbo moja aliingia kwenye kokeini akiwa Dar es Salaam, na sasa yuko nyumbani, mama ndiye anayemtunza. Mimi sinywi wala sivuti. Lakini najijua: naropoka, nakasirika upesi, hela ikiingia mkononi inatoka bila kufikiri, na mara nyingi nina wasiwasi usio na sababu. Utotoni nyumba yetu ilikuwa ya ugomvi na vipigo. Kijiweni wananitania kwamba zamu yangu inakuja, na wengine wananipa vidonge vya kukesha. Je, uraibu uko kwenye damu?
Mdogo wa Mtu, Lindi

JIBU: Ndugu yangu, swali lako limeulizwa na watafiti karibu kwa maneno yako. Karen Ersche, niliyemtaja katika jibu lililotangulia, aliwachukua watu 50 wenye uraibu wa kokeini au amfetamini, pamoja na ndugu zao 50 wa tumbo moja ambao hawakuwahi kuwa waraibu, akawalinganisha na watu 50 wasiohusiana nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Science. Kipimo kimoja kilikuwa cha kujizuia: unaanza kubonyeza kitufe, ghafla inatolewa alama ya kusimama, nawe unatakiwa uukatishe mkono. Waraibu walishindwa zaidi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Ndugu zao wazima nao walishindwa kwa kiwango kinachofanana, na picha za ubongo zilionyesha kasoro zilezile katika sehemu zinazohusika na kujizuia.

Kwa hiyo kuna kitu kinachotembea ndani ya familia, na kilikuwepo kabla ya dawa. Lakini usiisome habari hiyo nusu. Wale ndugu 50, wenye ubongo wenye udhaifu uleule, hawakuwa waraibu. Waliishi nje ya uraibu wakiwa na kile ambacho wewe unakiogopa.

Katika tafiti zake nyingine, Ersche alitenganisha tabia mbili ambazo kijiweni huchanganywa. Ipo tabia ya kupenda msisimko, ya mtu anayetafuta mwendo kasi na mambo mapya. Hiyo ilikuwa juu kwa watumiaji wenyewe, ila si kwa ndugu zao. Na ipo pupa, yaani kutenda kabla ya kupima, ambayo ilikuwa juu kwa watumiaji na pia kwa ndugu zao, mara nyingi ikiandamana na wasiwasi. Ulivyojieleza, kuropoka, hela kutoka bila kufikiri na hofu isiyo na mlango, umeielezea hiyo ya pili. Mtu wa pupa na wasiwasi ana hatari ya pekee mbele ya vichangamshi, kwa kuwa pupa humfanya apokee kidonge kabla hajajiuliza ni cha nini, na wasiwasi humfanya aone kimemsaidia kwa saa chache, ingawa baadaye vichangamshi huuzidisha wasiwasi huohuo na kumrudisha kutafuta kingine.

Ugomvi wa utotoni nao una uzito wake. Utafiti mkubwa uliofanyika California, Marekani, ukiongozwa na Vincent Felitti na kuchapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia madhila mengi zaidi utotoni, kama vipigo, kudhalilishwa au kumwona mama akipigwa, ndivyo uwezekano wa kutumia dawa za kulevya ukubwani ulivyopanda. Uwezekano ulipanda, hukumu haikutolewa. Wewe una vitu vitatu vinavyokuelemea, yaani ndugu, pupa na utoto mgumu, na una kimoja kikubwa cha kukutetea, nacho ni kwamba bado hujaanza. Mazoea hayajengwi na hatari, hujengwa na kurudia, na wewe huna cha kurudia.

Ndiyo maana vidonge vya kijiweni vinanitia hofu kuliko damu yako. Kwako wewe, "mara moja tu ya kukesha" ina gharama kubwa kuliko kwa anayekupa, na huna haja ya kumweleza kwa nini unakataa. Tengeneza jibu moja fupi na ulizoee, kwa mfano "nina dawa za hospitali, haziendani", litoke kabla pupa haijafika. Kama kijiwe hicho ndicho kinachogawa, hamia kingine hata kama abiria ni wachache. Hesabu ya bodaboda mpelekee mama jioni, ubaki na ya mafuta tu. Wasiwasi na ile hali ya kushindwa kutulia, hasa kama uliwahi kuhangaika nayo tangu darasani, vinatibika. Nenda kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Sokoine uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, ukitaja na habari za kaka yako. Wanaokutania kwamba zamu yako inakuja huenda hawana nia mbaya, kwetu kusini utani ni ndugu wa salamu, lakini huu una mwisho wake, na unaweza kuwaambia hivyo.

SWALI: Nasikia pale Muhimbili wanatoa dawa ya kunywa, methadoni, na vijana wanapona. Mwanangu anatumia kokeini. Nimpeleke?
Mzazi, Kilwa Kivinje

JIBU: Mzazi mwenzangu, huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011 na imeenea katika mikoa kadhaa, lakini methadoni ni kwa ajili ya heroini na dawa za jamii yake. Kwa kokeini, methamfetamini na vichangamshi vingine haipo dawa iliyothibitishwa kuwa tiba ya uraibu wenyewe.

Hata hivyo, hakikisha kwanza ni nini anachotumia, kwa kuwa majina ya mtaani hayaaminiki na wengi huchanganya. Mtazame anapokosa. Akipata arosto ya kuumwa viungo, kutokwa kamasi na machozi, kuhara na kushindwa kulala, kuna heroini ndani yake, na hapo methadoni inaweza kumfaa. Akilala siku mbili mfululizo, akaamka na njaa kali, huzuni na uzito wa mwili, ni kichangamshi.

Kama ni kichangamshi, njia iliyoonyesha matokeo mazuri zaidi ni ile iliyoanzishwa na Stephen Higgins huko Vermont, Marekani, kuelekea miaka ya 1990: kila kipimo cha mkojo kikionyesha hajatumia, mgonjwa hupewa hati ya kununulia kitu halali, na thamani yake hupanda kadiri anavyoendelea, akirudia, inashuka na kuanza upya. Malipo ni madogo na ni ya papo hapo, wala si ahadi ya maisha bora ya baadaye. Nyumbani huna maabara, lakini wazo lenyewe linakopesheka: siku aliyoshinda mzima ionekane siku hiyohiyo, kwa chakula anachokipenda, salio la simu, au kukabidhiwa kazi ya kuaminiwa. Fedha taslimu usimpe. Anzeni na hospitali ya Kinyonga, muombe na ushauri nasaha wake yeye na wenu nyumbani.

Zile siku mbili tatu za kwanza baada ya kuacha, mtu alale chumba kimoja naye. Huzuni ya wakati huo yaweza kuwa kali hata akasema hataki kuishi, na akitamka hivyo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.